Jinsi Tajiri Alivyopajua Kwake

Neno baya kabisa la kumfunzia mbwa hapa Pwani ni "haya". Nawaambia mapema nyinyi vijana mnaotaka kuishika kazi niliyoiacha, na nyinyi wengine mnaofuga mbwa huko Mtopanga kwa kuogopa wezi, halafu mnanipigia simu mkilia kwamba mbwa kajilaza mlangoni na mgeni hapiti.

Mimi ni Omari. Hapa Junda tuko akina Omari wengi, kwa hivyo mimi huitwa Omari Majibwa, na jina silikatai. Nilianza kufunza mbwa ndevu zikiwa bado nyeusi, katika kampuni moja ya ulinzi kule Changamwe, na huko ndiko nilikoponzwa na hilo "haya".

Mbwa ukimfunza kwenda mahali pake na kutulia, unahitaji maneno mawili: la kumpeleka na la kumwachilia. Asipolijua la kumwachilia, atajiamulia mwenyewe lini ainuke, na mbwa akishaanza kujiamulia, mwalimu ni yeye. La kumpeleka nilichagua "kwako". La kumwachilia nikachagua "haya", nikaliona fupi na jepesi mdomoni. Jamani! Siku ya kuonyesha kazi nilimpeleka jibwa moja jeusi kwenye ubao wake langoni mwa ghala, likatulia tuli, na mkubwa wa kampuni amesimama anatazama. Akaja dereva wa lori, akashuka kusalimiana na askari wa lango. "Habari za asubuhi?" "Njema." "Watoto hawajambo?" "Hawajambo." "Haya."

Mbwa akaruka. Yule dereva alivyorudi juu ya lori lake sijui mpaka leo, maana miguu haikuonekana kugusa kidato. Nikalirudisha jibwa kwenye ubao. Mkubwa naye, kwa kutaka kunisaidia, akasema, "Haya, haya, tuanze upya." Likaruka tena.

Aliyekuwa akinifunza kazi alikuwa Mzee Mutua, Mkamba wa Makueni, mfupi, mpole, mwenye sauti ya kunong'ona. Alingoja mkubwa aondoke, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanambia, "Omari, mbwa hajui Kiswahili. Kikamba pia hajui. Mbwa anajua faida. Mpe faida pale unapotaka awe, atahamia hapo na virago vyake." Tangu siku hiyo neno langu la kumwachilia mbwa likawa "huru", kwani hakuna mtu anayejibu salamu kwa "huru".

Nyinyi mmeikuta kazi imelainika. Sisi tulianza kwa mnyororo. Unamvuta mbwa mpaka mahali, unamsukuma makalio akae, akiinuka unamfokea. Alikaa, ndiyo, lakini masikio yamelala na jicho linatafuta upenyo wa kutokea. Mzee Mutua alikuja na kimfuko cha maini makavu kiunoni. Wenzangu wakamwita mpishi. Baadaye, mbwa wa mpishi walipokuwa wakienda mahali pao mbio huku mikia ikipepea, na wa kwetu wanakwenda wakijikokota kama wanaopelekwa kituo cha polisi, kila mmoja alitafuta kimfuko chake.

Jambo jingine ambalo hamtalipata kwenye hizo video za simu. Marehemu mama yangu hakunikataza kazi hii. Alisema mbwa wa ulinzi ana ruhusa yake katika dini. Lakini aliniwekea sharti: "Omari, hizo nguo za majibwa zisinivukie kizingiti." Nikawa na kibanda cha makuti nyuma ya nyumba, nabadilisha nguo huko, nakoga huko, na palipoguswa na mate ya mbwa napaosha mara saba, mara moja kwa mchanga, kama tulivyofundishwa chuoni kwa Kurani. Nawaeleza ili mjue kwamba ukienda kufunza mbwa katika nyumba za huku kwetu, unafunza ua mzima. Lazima ufahamu kwa nini mzee anaikusanya kanzu yake mbwa akipita. Ukimcheka, kazi umeshaipoteza.

Ndiyo maana nikiulizwa ni mbwa gani simsahau, siwataji wale wa Changamwe. Namtaja mbwa wa kienyeji wa Bombolulu, rangi ya mchanga mkavu, sikio moja limesimama na moja limekunjika, jina lake Tajiri.

Tajiri alikuwa wa Kadzo. Kadzo ni fundi wa ngozi, anashona ndara na mikoba, na hutembea kwa magongo mawili tangu utotoni, kwa ugonjwa wa kupooza. Wakati huo nilikuwa nimeshaacha kazi. Nilikwenda kuchukua ndara zangu nilizompa atie soli, nikamkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni pake, mkono wa kulia umefungwa bendeji.

"Shikamoo, Mzee Omari. Ndara zako bado. Huu mkono."

"Marahaba, mwanangu. Umefanyaje?"

Akamwelekezea kidevu mbwa aliyelala miguuni pake. "Tajiri kanipenda kupita kiasi."

Ilikuwa hivi. Kila Kadzo alipoinuka, Tajiri alijua wanatoka, na kwa furaha alijipenyeza katikati ya magongo akizungukazunguka. Siku nyingi Kadzo aliponea chupuchupu. Siku hiyo gongo liliteleza, akaanguka juu ya kizingiti, mkono ukateguka. Na fundi wa ngozi aliyeteguka mkono wa kushikia sindano, mnajua wenyewe. Tena balaa haikuishia hapo. Mbwa aliposikia kishindo alitoka mbio akachanganyikiwa, na nani alikuwa anakatiza uani wakati huo? Mzee Athmani, mwenye nyumba, katika kanzu nyeupe ya Ijumaa, anakwenda msikitini. Pua ya Tajiri, mbichi kama kawaida ya pua ya mbwa, ikampiga pajani. Mzee ilimbidi arudi, avue, aoshe, avae nyingine. Hotuba ya siku hiyo hakuiwahi.

Nyumba yenyewe ni ile ya vyumba vya kupangisha vinavyouzunguka ua, na Mzee Athmani na mkewe wanakaa vyumba vya mbele. Mzee alipoona mgeni ni mimi, alitoka.

"Omari, wewe mwana wa Junda, mambo haya wayajua. Mimi na Kadzo hatuna ugomvi. Nina ugomvi na pua ya huyo mbwa. Pua haina mpaka." Akashusha sauti. "Ramadhani yaja. Wageni watafuturu ua huu. Mwezi ukiandama naye hana mahali pake pa kukaa, basi, aondoke."

Mume wa Mama Brayo, jirani wa chumba cha pili, alikuwa na tuktuk, naye alishajitolea kumpeleka Tajiri Mwakirunge, kwenye jaa la taka. Ati huko atapata wenzake.

Mzee Athmani aliporudi ndani, Kadzo alimkuna mbwa nyuma ya lile sikio lililokunjika. Kisha akasema, "Mzee Omari, watu huyaona magongo kwanza, halafu ndio wanione mimi. Huyu hunijua kwa mbali, nikiwa bado barabarani, na akija mbio anakuja kwangu. Wakimpeleka jaani, nitahama nyumba nimfuate?"

Nilikuwa nimemwahidi mke wangu kwamba nimemalizana na mbwa. Nikamwambia Kadzo, "Nitafutie gunia na dagaa wakavu."

Sasa sikilizeni, hapa pana kazi. Mahali pa mbwa huchaguliwa kwa akili. Pasiwe njiani, kwa maana atakanyagwa. Pasiwe mbali, kwa maana mbwa anataka kumwona mtu wake. Mimi na ujuzi wangu wote nilikunja gunia vizuri nikaliweka kwenye pembe ya ua, mbali na mlango wa Mzee Athmani, mbali na njia ya bafuni. Nikamrushia Tajiri dagaa juu ya gunia. Akaenda, akala, akalala. Nikamsifu. Kitambo kidogo akainuka. Nikamrudisha. Akainuka tena. Nikaanza kumwambia Kadzo kwamba mbwa huyu ana kichwa kigumu.

"Mzee," Kadzo akasema, "hebu weka kiganja hapo chini."

Nikaweka, nikakiondoa upesi. Jua la saa sita lilikuwa limeipika ile saruji mpaka ungeweza kukaangia yai. Tukalihamishia gunia chini ya upenu, kando ya mlango wa Kadzo, kwenye kivuli. Tajiri akajinyoosha na kichwa chake kigumu akasinzia.

Shida ya pili haikuwa ya mbwa. Nilimfundisha Kadzo kusema "kwako" na kunyoosha mkono kuelekea gunia, kama nilivyowafunza watu wengi. Lakini Kadzo akiinuka, mikono yote miwili iko kwenye magongo, na pumzi ameibana mpaka asimame. Mkono wa kunyoosha hana, sauti ya kusemea hana. Anapoweza kusema "kwako", Tajiri ameshafika katikati ya magongo anacheza. Nilikuna kichwa. Katika miaka yangu yote sikuwahi kufikiri kwamba mkono wa kuelekeza ni mali.

Kadzo ndiye aliyelipata jawabu. Akiwa bado amekaa, alichukua gongo akagonga sakafu: ko, ko. "Hili si neno? Nigonge kabla sijainuka."

Basi tukafanya hilo. Anagonga ko, ko, papo hapo anarusha dagaa kwenye gunia. Mbwa anafuata dagaa. Anagonga, anarusha. Baada ya siku kadhaa anagonga, harushi, anangoja. Tajiri akamtazama, akalitazama gunia, akafikiri, mnajua mbwa anavyofikiri huku ulimi nje, kisha akaenda mwenyewe akakaa. Hapo Kadzo akamrushia dagaa wa kujaa kiganja, nami nikapiga makofi kama mtoto.

Kisha tukaingia kwenye uvumilivu. Anagonga, mbwa anakwenda, Kadzo anainua mwili nusu tu. Mbwa akitulia, anapata. Akiinuka, Kadzo anaketi tena kwenye kigoda, na hapatikani kitu. Hakuna kelele, hakuna hasira. Mbwa akajifunza kwamba akibaki kwenye gunia mama yake husimama na dagaa huja, na akiondoka kila kitu kinaharibika. Mwisho kabisa likaja "huru", na hapo anaachwa aje, lakini ni baada ya Kadzo kusimama imara.

Mambo yalikuwa yakienda uzuri, kumbe hatujamweka Mama Brayo katika hesabu. Mama Brayo ni mtu wa bara, mwenye moyo mkubwa, na kila alasiri hukaanga viazi karai vya kuuza. Alimpenda Tajiri. Akimwona amelala kwenye gunia humwita, "Tajiri, kuja! Kuja hapa!" na kumpa kiazi mlangoni pake. Mara moja ya kiazi hubomoa siku nzima ya dagaa. Tena alikuwa na kinu. Kabla ya kukaanga hutwanga kitunguu thomu na pilipili: ko, ko, ko, ko. Tajiri kila akisikia kinu hukimbilia guniani, anangoja, hapati kitu. Anarudi. Ko, ko. Anakimbia tena. Baada ya siku chache alikata tamaa, na Kadzo alipogonga gongo lake, mbwa alimtazama kwa jicho la mtu aliyeahidiwa kazi na wengi.

Nilikwenda kwa Mama Brayo nikiwa na maneno makali tayari. Nikakumbuka ua mzima. Nikaketi, nikanunua viazi, nikala, ndipo nikasema, "Mama, nataka unisaidie kumfunza huyu mbwa."

"Mimi, mzee? Sijui kufunza mbwa."

"Unajua. Mbwa huyu anakusikia wewe kuliko mimi. Hivyo viazi ukimpelekea kwenye gunia, huoni utakuwa umemwokoa na Mwakirunge?"

Akaweka mkono kifuani. "Ai! Bwanangu alisema Mwakirunge kwa mzaha tu."

Tangu hapo kiazi kikawa kinaliwa guniani. Kuhusu kinu, tulibadilisha mlio wenyewe: Kadzo anagonga mara mbili, kisha analikwaruza gongo chini. Ko, ko, kwaaa. Hakuna kinu kinachosema hivyo. Tukaanza upya, na mbwa aliyekwisha kujifunza mara moja hujifunza upesi mara ya pili.

Sasa jina nalo lilikuwa na vituko vyake. Huku kwetu mwenye mali au mwenye kazi ndiye anayeitwa tajiri. Asubuhi moja Kadzo hakuwa na gongo karibu, akapaza sauti, "Tajiri, kwako!" Mzee Athmani alikuwa amesimama uani anakagua bomba. Aligeuka taratibu. "Nimekukosea nini, binti, hata wanifukuza uani mwangu?" Kadzo alitaka ardhi immeze. Nilimsikia mke wa mzee akicheka ndani.

Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani, Mzee Athmani alisema anataka kuona. Nikafika mapema. Roho ilinidunda kuliko siku ya yule mkubwa wa Changamwe. Wapangaji wamesimama milangoni. Mama Brayo yuko na sinia lake la viazi, ameshikilia utadhani amebeba mtihani wa mwanawe. Mzee akatoka, kanzu imepigwa pasi, kofia iliyodariziwa kwa mkono, akasimama upande wa pili wa ua.

Kadzo alikuwa kwenye kigoda, bendeji imeshatoka. Tajiri alilala miguuni pake. Ko, ko, kwaaa.

Tajiri akaondoka, akakaa guniani. Kadzo akashika magongo, akabana pumzi, akasimama. Njia ilikuwa wazi mbele yake. Akaanza kutembea kuelekea bombani, na Mzee Athmani naye akaanza kukatiza kuja upande wetu. Wakapishana katikati. Na Mama Brayo, kwa kunyoosha shingo aone vizuri, akainamisha sinia. Kiazi kimoja kikadondoka, kikabingirika, kikasimama hatua chache kutoka pua ya Tajiri.

Tajiri akasimama. Mguu mmoja wa mbele ukatoka nje ya gunia. Mwingine ukafuata. Mzee Athmani akaikusanya kanzu yake. Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo nimfokee yule mbwa, ule mnyororo wa zamani umenirudia rohoni.

Kadzo hakufoka. Aligeuka pale alipo, akaegemea gongo moja, la pili akalishusha chini polepole. Ko, ko, kwaaa.

Tajiri alikitazama kiazi. Alimtazama Kadzo. Udenda ukamtoka mpaka chini. Akarudisha mguu mmoja, akarudisha wa pili, akalala, akaweka kidevu guniani, akiguna kama mzee anayeketi.

Mzee Athmani akapita. Alipofika mbele yake alisimama, akamwangalia kitambo. "Subhanallah," akasema. "Nina wajukuu ndani mule, kiazi kingewashinda." Akaondoka zake msikitini.

"Huru!" akasema Kadzo, na kiazi kikaisha kabla neno halijaisha. Kisha Kadzo akaegemea ukuta akalia, na Mama Brayo akalia, na mimi nikajifanya naangalia bomba.

Lakini mzee hakuwa amesema ndiyo, wala hapana. Usiku huo Kadzo hakulala vizuri, na asubuhi akanipigia simu. "Mzee Omari, njoo. Mzee Athmani kaleta fundi wa saruji na mchanga. Kaniambia nitoe gunia. Sijui wanajenga nini mlangoni kwangu."

Nilifika mbio, nikamkuta fundi amepiga magoti chini ya upenu, pale pale palipokuwa na gunia, na Mzee Athmani yuko mlangoni pake na tasbihi anasimamia.

"Mzee, shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba. Omari, wewe wafunza mbwa, lakini nyumba huzijui. Mvua ya masika ikinyesha, maji ya hapo yateremka mpaka kizingitini kwangu. Yapitie alipolala mbwa, nami niyakanyage niende kusali?" Akaonyesha kwa tasbihi. "Nimemwambia amwinulie kibaraza kidogo, na mfereji wake pembeni, maji yaende nje. Na gunia nalo linuka, mtafutieni jamvi."

Kadzo, aliyekuwa ndani akisikiliza, naye alitaka kuja kumshukuru mzee ana kwa ana. Alifanya kama alivyozoea kabla ya kuinuka. Ko, ko, kwaaa.

Tajiri alikuwa uvunguni mwa meza ya viazi ya Mama Brayo. Alitoka mbio, akakatiza ua, akampita fundi chini ya kwapa, akapanda kwenye kile kibaraza saruji ikiwa bado mbichi kama uji, akazunguka mara moja, akaketi.

"We! Toka! Shuka hapo!" fundi akapiga kelele akiinua mwiko wake.

"Mwache," akasema Mzee Athmani. "Si ndipo kwake?"